Kung'oa mapazia ya zamani kwenye gari-nyumba bila kubomoa ukuta

Mtu akinunua gari-nyumba lililokwisha kula miaka, iwe karavani ya kuvutwa au lile lenye injini yake, kitu cha kwanza anachotamani kukitupa nje ni mapazia. Yamefubaa, yananuka vumbi na moshi wa jikoni, na yale masanduku ya kitambaa yaliyokaa juu ya madirisha, pelmeti, hula mwanga wote. Kazi yenyewe unaiona ya asubuhi moja: panda kwenye kochi, fungua skrubu nne, vuta. Kumbe skrubu ni kumi na moja, saba hazionekani, na ulipovuta umebaki na pelmeti mkononi pamoja na kipande cha ukuta.

Kazi hii haitaki nguvu. Inataka kujua mambo mawili: skrubu zimefichwa wapi, na ni zipi hutakiwi kuzigusa kabisa.

Unafanyia kazi ukuta wa namna gani

Nyumbani pazia linaning'inia. Garini limefungwa. Barabara hutikisa kila kitu kwa saa nyingi, kwa hiyo kiwandani hawakuacha kitu kicheze na kugonga kioo: blaindi, yaani pazia la vipande au mikunjo linalopandishwa na kushushwa, imekazwa juu na chini, pelmeti imepigiliwa ukutani, hata pazia la kitambaa mara nyingine limebanwa kwa vifungo vya kubonyeza. Ukikuta stepla juu ya skrubu na gundi juu ya stepla, usimlaani fundi. Aliogopa barabara.

Ukuta nao ni mwembamba mno. Ndani kabisa kuna plaiwudi ya milimita 3 hivi, juu yake imebandikwa karatasi ya vinili yenye mistari au maua. Nyuma ya plaiwudi kuna povu gumu na fremu ya mbao au alumini, kisha ganda la nje la alumini au faibaglasi. Vyote hivyo kwa pamoja, mara nyingi, havizidi sentimita 5. Skrubu ya pelmeti ikiwa na bahati imeshika mbao ya fremu. Isipokuwa na bahati imeshika ile plaiwudi tu, na plaiwudi hiyo inachanika kama boksi la biskuti ukiingiza ubapa wa bisibisi na kuukandamiza.

Kwa sababu hiyohiyo, skrubu iliyolegea usiibadilishe kwa ndefu zaidi. Ndefu zaidi inaweza kutokea nje, na hapo utakuwa umeliongezea gari tundu la kupitishia mvua.

Kabla hujapanda kwenye kochi

Zima umeme kwanza. Chomoa waya unaoleta umeme kutoka nje, halafu tenganisha betri. Pelmeti nyingi zina taa ndogo chini yake au swichi ubavuni, na blaindi za mota zina waya zinazopita nyuma ya ubao mahali usipopaona. Volti 12 hazitakurusha, lakini waya wake ukigusa fremu ya alumini unaweza kupata moto wa kutosha kuyeyusha plastiki.

Bisibisi ya nyota haitatosha. Magari mengi yaliyotengenezwa Marekani na Kanada yamejaa skrubu za tundu la mraba, aina iliyobuniwa na Mkanada P. L. Robertson mwaka 1908. Namba 2 ndiyo utakayoitumia sana, na kwa desturi mpini wake hutiwa rangi nyekundu. Namba 1, ya kijani, nayo iwe karibu. Ukilazimisha ya nyota kwenye tundu la mraba utalivuruga tundu, na skrubu iliyokuwa itoke kwa nusu dakika itakugharimu nusu saa. Ongeza bisibisi bapa nyembamba, koleo la mdomo mrefu, kisu cha kukatia, tochi, kioo kidogo cha mkononi, glavu na miwani ya kazi. Drili ya betri iwepo, ila iweke kwenye nguvu ndogo. Kwenye plaiwudi ya milimita 3 drili haina adabu.

Mpe kila dirisha namba, na ulipige picha kabla ya kugusa chochote: moja kwa mbali, moja karibu, moja kutoka chini ukitazama juu. Skrubu za dirisha la 1 ziingie mfuko wa 1, na mfuko ubandikwe kwa tepu kwenye pelmeti yake. Pima pia upana na kina cha kila pelmeti sasa hivi, ingawa unaichukia. Gari likiwa na chumba kinachosogezwa ndani na nje, kina hicho ndicho kinachokuonyesha pazia jipya linaweza kujitokeza kiasi gani bila kukwaruzwa chumba kinapofungwa.

Kama unalala humo humo, usivue madirisha yote siku moja. Usiku, taa ikiwaka, gari lisilo na pazia ni jukwaa.

Skrubu zisizo zako

Hapa naomba utulie, maana ndipo nilipoharibu. Dirisha langu la kwanza lilikuwa na skrubu kila mahali, nami nikazifungua zote nilizoziona, nikijipongeza kwa uhodari. Nilipofika ya mwisho nikasikia mlio mdogo kama wa kubandua tepu. Dirisha zima lilikuwa linainama kwenda nje.

Dirisha la gari-nyumba, katika magari mengi, halikupigiliwa kwenye fremu ya mbao kama la nyumbani. Lina vipande viwili: fremu ya nje inayobeba kioo, na pete ya ndani inayobana. Skrubu hupita kwenye pete, zikaingia fremu ya nje, na ukuta ukabaki katikati kama nyama ndani ya mkate. Kati ya fremu ya nje na ganda la gari kuna utepe wa lami laini unaozuia maji. Ukifungua pete, mbano unakwisha, lami inaachia, na hata ukikaza tena siku hiyohiyo huna hakika kwamba maji hayatapita. Nililazimika kulitoa dirisha lote, kukwangua lami ya zamani, kuweka mpya na kulirudisha. Siku mbili, kwa pazia moja.

Namna ya kuzitofautisha ni hii. Skrubu zinazozunguka pande zote nne za kioo kwa nafasi zinazolingana, zimezama kwenye pete ya plastiki au chuma, ni za dirisha. Ziache. Skrubu za pazia huwa juu tu, au pembeni na kwenye kona za chini, nazo hazifuati mpangilio huo. Ukishuku, weka kipande cha tepu ya rangi juu ya kila skrubu ya pete kabla hujaanza, ili mkono usisahau.

Na madirisha yenye vishikio vyekundu ni ya kutokea wakati wa hatari. Ving'oe vitambaa, lakini vishikio na utaratibu wake wa kufunguka viache vilivyo, na usije ukavifunika kwa pazia jipya.

Anza na kinachoning'inia

Pazia la kitambaa halina siri. Lisukume upande mmoja, tafuta kizuizi mwisho wa reli, kitoe, na vigurudumu vitateleza nje vyenyewe. Reli yenyewe imeshikwa kwa skrubu zilizojificha ndani ya mfereji wake. Sasa kwa kuwa vigurudumu havipo utaziona. Kwenye dari fanya kwa upole zaidi: juu ya hapo ni paa, na matundu ya paa hayana masihara.

Blaindi za vipande vyembamba hushikwa na vijumba viwili vya plastiki au bati kwenye ncha za juu. Kila kijumba kina kifuniko kidogo cha mbele. Kiinue au kitelezeshe pembeni, na reli itatoka mbele. Kabla ya hapo usisahau vishikio vya chini, vile vinavyozuia blaindi isipige kioo gari likienda. Kama blaindi ni za vinili na gari ni la kabla ya 1996, zichukulie kwa tahadhari. Mwaka huo shirika la Marekani la usalama wa bidhaa za matumizi lilionya kwamba blaindi za vinili zilizoingizwa kutoka nje zilikutwa na madini ya risasi, na jua likizila risasi hutoka kama vumbi. Usizipanguse kavu. Zifute kwa kitambaa chenye maji, zifunge ndani ya mfuko wa plastiki, na watoto wakae mbali mpaka umefuta kizingiti pia.

Blaindi za kitambaa cha mikunjo, zile zinazokunjana kama pepeo la karatasi, ndizo zinazochokoza watu. Zina nyuzi nyembamba zinazotoka reli ya juu, zikapenya mikunjo yote hadi kwenye vifundo au vigurudumu vidogo karibu na kizingiti. Nyuzi zimevutwa kwa springi. Ukikata uzi ovyo unaruka, na reli inaweza kukugonga usoni. Ndiyo kazi ya ile miwani. Pandisha blaindi hadi juu kabisa, ifunge kwa tepu sehemu mbili ili isishuke, kisha shika kifundo cha chini kwa vidole, fungua skrubu yake na ukiachie polepole hadi uzi ulegee. Fanya hivyo upande wa pili. Ndipo uende juu. Reli ya juu ama ina skrubu mbili zinazopita katikati yake, ambazo unazifikia kwa kutenganisha mikunjo kwa vidole, ama imebanwa kwa klipu. Kwa klipu, ingiza bisibisi bapa nyuma ya reli na uibonyeze, reli itashuka.

Magari mengi ya Ulaya yana kaseti: blaindi na wavu wa mbu vikiwa vimezungushwa ndani ya fremu moja ya plastiki. Skrubu ziko chini ya vifuniko vidogo vya plastiki ambavyo unavichokoa kwa ncha ya kisu. Rola za ndani zina springi kali, kwa hiyo usiifungue kaseti yenyewe. Itoe ikiwa nzima.

Pelmeti

Sasa tumefika. Pelmeti ni sanduku la mbao au ubao wa kubana, limevishwa sponji na kitambaa, mara nyingine lina miguu miwili inayoshuka pembeni mwa dirisha hadi chini. Limeshikwa wapi? Jibu hutofautiana hata kati ya madirisha mawili ya gari moja.

Anza chini yake. Lala chali kwenye kochi, washa tochi, tazama ndani ya sanduku. Vipande vya chuma vyenye pembe ya mraba, kimoja kila upande na pengine kimoja katikati, ndiyo hali nzuri kuliko zote: fungua skrubu zilizoingia ukutani, zile zilizoingia kwenye pelmeti ziache.

Huoni kitu? Tazama juu. Kati ya pelmeti na dari kuna nafasi ya vidole viwili hivi. Ingiza kile kioo cha mkononi, au simu ikiwa inarekodi video na taa imewashwa. Mara nyingi utaona ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani, na pelmeti imekalia ubao huo.

Kama juu ya dirisha kuna kabati, lifungue, toa vilivyomo, pitisha kiganja kwenye sakafu yake. Vichwa vya skrubu vinavyoelekea chini, ambavyo havishiki chochote cha kabati, ndivyo vinavyoibeba pelmeti. Wengi hawafiki huku, na ndio wanaoishia kuning'inia kwenye pelmeti kwa mikono miwili.

Bado? Basi ziko chini ya kitambaa. Funga macho, kwa kweli, na upitishe kidole gumba juu ya kitambaa ukikandamiza taratibu, hasa karibu na pembe na kwenye ile miguu ya pembeni. Sponji inazama sawasawa. Mahali penye kichwa cha skrubu utahisi kitu kigumu, au kishimo kidogo kama kitovu. Wakati mwingine kuna kifungo cha pambo au utepe wa kushonea uliobandikwa juu yake. Kitambaa hutakirudisha, kwa hiyo kikate hapo alama ya msalaba, kunja ncha nne, na skrubu hiyo hapo.

Toa skrubu zote kasoro mbili za juu, moja kila ncha. Hapo mwite mtu ashike. Pelmeti ndefu ya ubao wa kubana ni nzito kuliko inavyoonekana, na ikianguka upande mmoja kona yake inachana vinili au inapiga kioo. Mwenzako akiwa ameibeba, toa hizo mbili.

Isipotoka, usiivute. Kitu kimoja bado kinashika. Pitisha kadi ya plastiki nyuma yake, kuanzia kona moja hadi nyingine. Inapokwama ndipo penye skrubu, stepla au gundi. Stepla zinakubali bisibisi bapa iliyowekewa kipande cha mbao chini yake ili uzito uangukie mbao, usiangukie ukuta. Gundi ipashe moto kwa draya ya nywele dakika moja au mbili, halafu uikate na uzi wa kuvulia samaki, ukiuvuta huku na huku kama msumeno. Na kama kiwandani walifunga skrubu kabla ya kuweka kabati au kochi, hivyo bisibisi haifikiki, ingiza jani la msumeno wa chuma kati ya pelmeti na ukuta, ukilizungushia tepu upande wa kushika, na uikate skrubu shingoni.

Skrubu iliyoharibika tundu ijaribu kwanza kwa mpira wa kufungia pesa: uweke kati ya bisibisi na skrubu, kandamiza, zungusha pole pole. Ikikataa, na kichwa kimejitokeza kidogo, koleo litaimaliza. Inayozunguka bila kutoka imepoteza mshiko ndani ya plaiwudi. Ivute kuelekea kwako kwa koleo huku ukiizungusha.

Ukuta ukiwa uchi

Usikimbilie kupaka rangi. Hii ndiyo nafasi pekee ya kuona kilichokuwa kinafichwa na pelmeti kwa miaka yote hiyo. Zitazame skrubu ulizotoa: yenye kutu ilikuwa inanyeshewa. Tazama chini ya kona za dirisha kama kuna alama ya maji, mstari wa rangi ya chai ulioshuka. Kandamiza kwa kidole gumba kuzunguka fremu yote. Plaiwudi nzima ni ngumu na inalia kavu ukiigonga. Iliyooza inabonyea, na vinili inabaki imekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa. Vidoa vyeusi ni ukungu, navyo vifutwe ukiwa umevaa barakoa na mlango u wazi.

Ukipata hata kimoja kati ya hivyo, weka pazia jipya pembeni. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwagie dirisha maji kwa mpira kutoka nje, akianzia chini na kupanda kidogo kidogo. Akianzia juu, maji yatatiririka kote na hamtajua yaliingilia wapi. Lami ya dirisha ikionekana imechoka, hapo sasa zile skrubu za pete unaruhusiwa kuzifungua, kwa makusudi na kwa mpango.

Matundu, gundi na kivuli cha zamani

Tundu utakalolitumia tena lijaze vijiti vya meno vilivyochovywa gundi ya mbao, acha hadi kesho, kisha vikate sawa na ukuta. Skrubu ileile ya zamani itashika. Tundu usilolihitaji litie puti kidogo kwa ncha ya kisu na ulifute palepale kwa kitambaa chenye unyevu. Usilisugue kwa msasa wa kukwaruza. Utatoboa vinili, na kovu la msasa linaonekana kuliko tundu lenyewe.

Mabaki ya gundi kwenye fremu na kioo yanahitaji uangalifu. Madirisha ya kioo halisi yanavumilia spiriti na wembe. Lakini karavani nyingi za Ulaya zina madirisha ya akriliki, ambayo ni plastiki, na spiriti au asetoni huyafanya yapasuke nyufa ndogondogo ambazo hazifutiki tena. Gonga kwa kucha: kioo kinalia, akriliki inatoa sauti butu. Kwenye akriliki tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na kitambaa laini, na kama gundi ni sugu, mafuta ya kupikia yaliyoachwa yailainishe.

Halafu kuna kivuli. Mahali palipofunikwa na pelmeti ukuta utakuwa na rangi yake ya kwanza, ang'avu, huku kwingine kote kumefifia. Hakuna sabuni ya kuliondoa hilo. Ama unapaka ukuta mzima, ukianza na praima inayoshika vinili, ama unaweka kitu kipya chenye ukubwa uleule. Wanaosema watapaka hapo tu wananichekesha. Rangi ya kiraka huonekana kutoka barabarani.

Pelmeti zisitupwe zote kabla kazi haijaisha. Hata iliyooza ni kipimo cha kukatia mpya, na ile iliyo nzima ukiivua kitambaa na sponji inaweza kuvishwa upya ikarudi kwenye matundu yake yaleyale. Ya karibu na jiko, mimi siirudishi kitambaa. Naiacha ubao mtupu uliopakwa rangi.

Nyuzi za blaindi zikate vipande vifupi kabla ya kuzitupa, maana mtoto akiziokota ndefu anaweza kujinyonga nazo. Na kama una subira, acha madirisha wazi hadi mvua moja kubwa ipite. Asubuhi yake pitisha tishu kavu chini ya kila fremu, kona kwa kona, na uandike namba ya dirisha lililoilowesha.